Mbio za Kipupwe

SEHEMU YA KWANZA

"Nafasi ni tatu," Mwalimu alisema. Akaokota kijiti, akachora mistari mitatu mchangani, utadhani sisi wanne hatujui kuhesabu.

Tulikuwa tumekaa chini ya mikaratusi ya Olmotonyi, jasho likitupoa mgongoni. Mwezi wa 6 ulikuwa umeanza na kipupwe kimeshaingia Arusha. Mlima Meru ulijifunika ukungu tangu alfajiri. Wenzetu wa Ulaya miezi hii wanatembea na kaptula na kulamba aiskrimu. Ngaramtoni watu wanavaa sweta mbili na kuota moto wa mabunzi. Lakini muulize mkimbiaji yeyote wa Arusha, atakwambia hakuna msimu mtamu kama huu. Jua halichomi, njia za msituni ni kavu, vyuo vimefungwa, na usiku mtu unalala usingizi wa haki.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini, ambaye hakutaka jina lake litajwe, alikuwa ameahidi kugharamia wakimbiaji watatu waende Kilimanjaro Marathon kule Moshi, Februari. Ada, malazi, raba, na posho ya chakula kwa miezi yote ya maandalizi. Hiyo posho ndiyo iliyotutoa macho. Mchujo ungefanyika Jumapili ya mwisho ya Agosti: kilomita 30, wanawake wanatangulia dakika 14, wanaume wanafuata. Watatu wa kwanza kugusa utepe ndio hao.

"Februari si mbali sana, Mwalimu?" Mwajuma aliuliza. "Mimi hapa hata kesho sijui nitakula nini."

"Mbio za Februari zinashindwa Julai, binti yangu. Februari unakwenda kuchukua tu ulichoweka."

Mwajuma alikuwa wa Muheza, Tanga, na alilichukia baridi la Arusha kama deni. Alikimbia na leso kichwani na maneno mdomoni. Kilomita 20 nzima anaongea, na bado hupumui vizuri kumshinda. Paskali tulitoka naye kijiji kimoja kule Mbulu, mtu wa maneno matatu kwa siku. Loserian alikuwa mwenyeji wetu, mzaliwa wa Olkokola, dereva wa bodaboda. Aliwahi kumwacha abiria kituoni kwa sababu saa ya mazoezi imefika. Mimi ni Restituta, wao wananiita Resti. Tulikuwa tunapika sufuria moja, tunaazimana soksi, na sasa tulikuwa tumeambiwa kwamba mmoja wetu atabaki.

Jioni ile tulikula loshoro kwa mama yake Loserian na hakuna aliyeitaja hiyo mistari mitatu. Ila niliona Paskali akinitazama miguu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa miaka 60 na kitu, mwenye baiskeli ya Phoenix na saa ya kupigia muda iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa na tabia ya kutusimulia wakubwa wa mbio wakati tumeshika magoti na hatuwezi kumjibu. Filbert Bayi, Christchurch, 1974: anatoka mbele mita ya kwanza, hageuki nyuma, anaondoka na rekodi ya dunia ya mita 1,500. Juma Ikangaa, New York, 1989: saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na zaidi ya wote Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025. Hapo Mwalimu alikuwa anasimama kabisa. "Kilomita 42 na mita 195! Mpaka uwanjani yuko nyuma ya Mjerumani. Anampata kwenye utepe. Saa zao zinasoma sawasawa, saa 2:09:48, mpaka picha iangaliwe. Sehemu tatu za mia za sekunde! Bingwa wa dunia wa kwanza wa nchi hii. Sasa nyie mnaniambia mmechoka raundi ya sita?"

Juma la tatu la Juni alituaga. Amefiwa na binamu yake, alisema, anakwenda Babati, atarudi Jumatatu. Jumapili tukimbie wenyewe mbio ndefu, kilomita 28, kutokea Ngaramtoni kufuata ukingo wa msitu kuelekea Oldonyo Sambu, na tusidanganye.

Tulianza saa 11 alfajiri. Giza lilikuwa zito, ukungu umeshuka mpaka barabarani, tunasikia tu raba zikikwaruza changarawe. Paskali ndiye aliyeiona kwanza.

"Taa," alisema.

Mbele yetu, kama mita 400 hivi, kulikuwa na mwanga mdogo mweupe unaopanda na kushuka. Taa ya kichwani. Ukiwa umekimbia muda mrefu, unajua mwendo wa mtu kwa taa yake tu: anayetembea taa yake inayumba, anayekimbia kwa kuchoka inaruka. Hii ilikuwa inateleza.

Bila kuambiana tukaongeza mwendo. Taa ikabaki palepale. Tukaongeza tena, Mwajuma akaacha kuongea, na hapo ujue mambo yamekuwa makubwa. Mita 400 zilezile.

"Huyo si mtu," Mwajuma alihema. "Wallahi mimi narudi."

"Hapa ni kwetu," Loserian alisema. "Mbele barabara inazunguka korongo. Kuna njia ya ng'ombe inakata moja kwa moja. Twendeni."

Tukaiacha barabara, tukatelemka korongoni tukishikana mikono, tukapanda upande wa pili kwa magoti na kujibanza kwenye kalavati. Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka masikioni. Sekunde chache, taa ikakata kona.

Alikuwa mwanamke. Mrefu, kofia ya sufu imefunika nyusi, raba za njano, kamba ya kiatu kimoja nyekundu. Hakuwa na haraka yoyote usoni. Nyuma yake, gizani, ikasikika sauti ya mnyororo wa baiskeli, na juu ya baiskeli sauti ya mtu:

"Mabega, mama! Shusha mabega!"

Sauti ile tuliijua. Mwenyewe alitakiwa kuwa Babati, msibani.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: Resti na wenzake wamejificha kwenye kalavati, na mtu anayemfundisha yule mkimbiaji wa gizani ni Mwalimu wao.*

Mwanamke alitupita bila kugeuza shingo. Mwalimu alifunga breki, akatumulika na tochi ya simu mmoja mmoja: tope magotini, majani kwenye nywele za Mwajuma.

"Shikamoo, Mwalimu," Paskali alisema. Kwake hilo lilikuwa hotuba.

"Marahaba. Saa hizi mnatakiwa muwe kilomita ya 19. Mbona mko mtaroni?"

Akapanda baiskeli yake, akaondoka. Basi. Kama kuna mtu wa kueleza jambo, inaonekana alikuwa ni sisi.

Jumatatu alikuja mazoezini kama kawaida. Loserian alimuuliza msiba ulikwendaje. "Tumezika salama," akajibu bila kupepesa, akatupangia raundi. Nilipomfuata pembeni kumuuliza yule dada ni nani, alinitazama kwa muda, akaniambia, "Kila mtu ana asubuhi yake, Resti. Wewe shughulika na ya kwako." Ilitosha kunikosesha usingizi. Nafasi tatu, watu watano sasa, na wa tano anafundishwa kwa siri na mwenye saa.

Nisiwadanganye, hata hivyo: kipupwe kile tulikila raha. Jumamosi moja ya Julai tulichanga nauli, tukakodi Noah mpaka Boma Ng'ombe, tukaingia barabara ya vumbi kwenda Chemka. Kama hujafika, Chemka ni chemchemi katikati ya nchi kavu. Unapita vichaka vya miiba na vumbi tupu, ghafla unakuta miti mikubwa imeinamia maji ya bluu, masafi mpaka unahesabu mawe chini. Jina linatisha bure, maji yenyewe ni vuguvugu tu. Kuna kamba imefungwa kwenye tawi, unaishika, unakimbia, unajirusha.

Pale ndipo tulipojua nani mtoto wa pwani. Mwajuma, ambaye kule mlimani alikuwa analia baridi kila asubuhi, alizama upande huu akaibukia kule, akawa anatucheka sisi watu wa nyanda za juu tuliong'ang'ania mizizi. Loserian alijirusha na shuka lake na shuka likaenda njia yake. Samaki wadogo walikuja kutudonoa nyayo. Kwa mkimbiaji mwenye sugu na kucha nyeusi ile ni tiba ya bure. Paskali alikaa miguu majini saa nzima, anatabasamu peke yake.

Mimi nilishika kamba mara moja. Nilipoibuka, sikupata pumzi. Niliogelea zile mita chache mpaka kwenye mizizi, nikakaa, na dunia ikawa inazunguka polepole. Nikasema ni njaa. Tukanunua ndizi na nyama choma, nikala, nikasahau.

Mwili haukusahau. Jumanne iliyofuata tulikuwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kwa mizunguko ya mita 1,000. Juni nilikuwa naimaliza kwa dakika 3 na sekunde 35. Siku ile nilianza na 3:44, nikaenda 3:52, na mara ya nne nilipita mstari Mwalimu akaitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Miguu haikuuma, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ingeuma ningejua cha kufanya. Ilikuwa mizito tu, na kupanda ngazi za chumbani kulinifanya nisimame katikati nikijifanya natafuta funguo.

Maneno yakaanza. Loserian alisema nimerogwa na yule dada wa taa, akacheka, kisha akaacha kucheka. Mwajuma alisema nina mapenzi na mtu nisiyetaka kumsema. Mama mwenye nyumba, mtu wa Marangu asiyezunguka mbuyu, aliniletea bakuli la mtori, akaketi kitandani, akauliza:

"Mwanangu, siku zako umeziona mwezi huu?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena.

Kesho yake nilikwenda hospitali moja mjini, peke yangu, bila kumwambia mtu. Daktari aliniuliza maswali mengi, akaandika vipimo viwili kwenye karatasi, akanielekeza maabara. Dada wa maabara alikuwa amevaa koti jeupe na barakoa. Alinifunga mpira mkononi, akatoa damu taratibu, hakuniumiza hata kidogo. Nikangoja kwenye benchi muda wa kutosha kusoma mabango yote ya ukutani.

Aliporudi alikuwa na karatasi mbili mkononi. Alizisoma akiwa amesimama, akafunga mlango nyuma yake, akakaa kando yangu.

"Restituta. Umekuja na nani?"

Ukiulizwa hivyo hospitali, hujibu. Unatafuta pa kuweka macho. Nikainamisha kichwa sakafuni. Chini ya lile koti jeupe kulikuwa na raba za njano, na kamba ya kiatu kimoja ilikuwa nyekundu.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: Resti ameshikiliwa majibu ya vipimo na mtu asiyemtarajia, mkimbiaji wa gizani.*

"Huna mimba," alisema kwanza. Nadhani aliuona uso wangu. "Lakini damu huna. Mwanamke mzima anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Wewe una 9.4. Nimekuuliza umekuja na nani kwa sababu sielewi umefikaje hapa kwa miguu."

"Nimekimbia," nikasema. "Kutoka Sakina."

Alivua barakoa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Jina lake Anjela. Alinielewesha mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kunielewesha. Kwamba damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli, na bila madini ya chuma mwili hauwezi kuitengeneza. Mwanamke anapoteza chuma kila mwezi. Mkimbiaji anapoteza zaidi, kwa jasho, na hata kwa nyayo, maana kila unapokanyaga chembechembe za damu zinapasuka kule chini. Na anayekimbia sana huku anakula kidogo, siku zake zinaweza kukatika kabisa. Kisha akauliza nakula nini. Ugali, mchicha, maharage, nikajibu. Na chai? Chai ya rangi, kila mlo.

"Ndiyo hiyo. Chai inakizuia chuma kisiingie mwilini. Unakula mchicha, halafu unaufukuza kwa kikombe. Chai kunywa baada ya saa moja, mbili. Kwenye chakula weka chungwa au pera, na ukipata maini usiyaache. Daktari atakupa vidonge. Na majuma matatu haya, mdogo wangu, ukimbie kama bibi."

Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti nyingine: "Mmeniona siku ile kwenye kalavati."

"Ulituona?"

"Mwenzenu mmoja alikuwa anaomba dua kwa sauti."

Mwalimu alikuwa baba yake. Miaka mitano nyuma, baada ya ugomvi ambao hakutaka kuusimulia, alizitupa raba zake mbele ya baba na wakaacha kusemezana. Akaolewa, akazaa watoto wawili. Mwaka huu akampigia simu usiku, akamwambia neno moja tu: nataka kujaribu. Mzee hakuuliza swali. Alfajiri ile alikuwa mlangoni na baiskeli. "Ngaramtoni wakijua nimerudi, watanihesabia kila hatua. Niache kwanza nijipime gizani. Usimwambie mtu. Na mimi sitamwambia baba kuhusu damu yako."

Tukapeana mikono. Nilitoka pale na vidonge mfukoni na siri mbili kifuani, na sijui kipi kilikuwa kizito zaidi.

Majuma matatu nilikimbia kama bibi kweli. Wenzangu walinipita kila asubuhi, Mwajuma akinipungia leso. Nikaacha kunywa chai wakati wa chakula. Nikala maini mpaka muuza bucha akawa ananiwekea. Mwalimu hakuuliza kitu. Aliandika muda wangu mbaya kwenye daftari na kufunga daftari. Loserian peke yake ndiye aliyesogea usiku mmoja tukimenya viazi. "Unamjua yule dada," alisema. Halikuwa swali, nami sikujibu, na toka siku hiyo akawa hanisubiri tena asubuhi.

Katikati ya Agosti miguu ikarudi. Niliisikia siku moja kwenye mlima wa Olkokola: nilikuwa napanda, nikagundua nafikiria mambo mengine.

Jumapili ya mwisho ilifika na ukungu wake. Tulipokuwa tunafunga kamba za viatu, Mwalimu akaja akisukuma baiskeli, na pembeni yake raba za njano. Mwajuma alidondosha chupa ya maji.

"Huyu ni Anjela," Mwalimu alisema. "Ni mwanangu. Mchujo ulikuwa wazi tangu mwanzo, hakuna aliyeniuliza. Nafasi ni tatu."

Loserian hakumtazama Anjela. Alinitazama mimi.

Tukaondoka wanawake watatu, saa 12 na nusu, dakika 14 mbele ya wanaume. Kilomita 10 za mwanzo Mwajuma aliongoza huku akiongea peke yake. Kilomita ya 18, kwenye mlima, akanyamaza, na kilomita ya 20 sikumsikia tena nyuma yetu. Tukabaki wawili, mimi na Anjela, bega kwa bega, hakuna anayetaka kuongoza na hakuna anayekubali kuachwa. Kilomita ya 25 tuliipita, watoto wa Olkokola wakatukimbiza na ndala zao mikononi. Kilomita ya 27. Kifua kilikuwa wazi, pumzi inaingia mpaka chini, na kwa mara ya kwanza tangu Chemka niliamini kwamba naweza kumshinda.

Ndipo nikasikia changarawe nyuma. Hatua za watu wawili: za Paskali, fupi, na zile ndefu za Loserian. Watu wanne, nafasi tatu, kilomita mbili na nusu zimebaki. Niliinua magoti. Anjela akainua ya kwake, akasogea mpaka mkono wake ukagusa wangu.

"Resti," alihema. "Sikiliza. Jana zamu ya usiku... nilipitia daftari la maabara."

"Kimbia, dada."

"Siku ile kulikuwa na Restituta wawili." Hatua nne, tano, za kimya. "Yale majibu niliyokupa. Yote mawili. Hayakuwa ya kwako."

Nikamgeukia. Alikuwa ananitazama usoni, macho yamejaa maji, na hakupunguza mwendo hata kidogo.

"Ya kwako ninayo mfukoni," akasema. "Simama nikusomee."

Nyuma yetu Loserian alikuwa ameshafika, nasikia anavyohema shingoni mwangu.

*Je, Resti asimame, au huo ni ujanja wa mtu anayeitaka nafasi ya tatu? Na kama majibu yale hayakuwa yake, yake yanasemaje? Mwenye simulizi ni wewe msomaji: beti na jirani yako leo, kisha tukutane hapahapa Jumamosi ijayo, Sehemu ya Nne.*